Kichupa kimoja, magonjwa mawili

Shangazi aliweka kichupa mezani, akakigeuza lebo inielekee, akauliza kwa sauti ya chini japokuwa tulikuwa wawili tu ndani: "Mwanangu, hebu nisomee. Hizi si zile dawa?"

Nikasoma. Tenofoviri na lamivudini.

Zilikuwa zile dawa.

Yeye alikuwa amekwenda kwa ajili ya homa ya ini B. Akapimwa na VVU pia, akaambiwa hana, kisha dirishani akakabidhiwa kichupa chenye majina yale yale anayoyaona kwenye kichupa cha jirani yake, ambaye anaishi na VVU na wala hafichi. Kichwani mwa shangazi kulikuwa na maelezo mawili tu: ama wamempa dawa za mtu mwingine, ama wamemficha majibu.

Jioni binti yake akanipigia simu. "Kaka, mwambie tu si zile. Mwambie zinafanana. Asipoelewa ataziacha."

Sikuweza. Nikisema "si zile", nitakuwa nimemtuliza yeye kwa kumwachia jirani yake aibu yote. Nikisema "ndiyo, ni zile" halafu nikanyamaza, kichupa kitaishia uvunguni. Nikamwomba azimeze wakati namtafutia maelezo. Akakubali kwa sharti moja: maelezo yawe ya kueleweka, si ya kidaktari.

Maelezo hayo yamenishughulisha wiki zote hizi, na yamenifikisha nisikotarajia, kwenye kazi za watu walioanza safari hii kabla ugonjwa wenyewe haujapewa jina.

## Prague na Leuven

Nilianza kutafuta kwenye historia ya UKIMWI, nikiamini kwamba dawa ya VVU imezaliwa huko. Kumbe nilitakiwa kuanzia nyuma zaidi.

Mwaka 1976 mkemia wa Prague, Antonín Holý, alianza kushirikiana na daktari wa Leuven, Ubelgiji, aitwaye Erik De Clercq. Kazi waligawana hivi: Holý anatengeneza molekuli, De Clercq anazijaribu dhidi ya virusi katika Taasisi ya Rega ya huko Leuven. Chekoslovakia ilikuwa upande mmoja wa Vita Baridi, Ubelgiji upande mwingine, na bado ushirikiano wao ukadumu zaidi ya miaka 30.

VVU vilikuwa havijatambuliwa. Françoise Barré-Sinoussi, Luc Montagnier na wenzao wa Paris walivitenga mwaka 1983. Maana yake ni kwamba kwa miaka ya mwanzo wawili hawa hawakuwa na ugonjwa huo akilini hata kidogo. Walichokuwa wakikifukuzia ni hatua moja tu katika maisha ya virusi: pale vinaponakili vinasaba vyao.

Hatua hiyo inaweza kuhujumiwa. Unatengeneza molekuli inayofanana na kipande halisi cha vinasaba, kimeng'enya cha kirusi, yaani protini inayofanya kazi ya kunakili, kinaichukua bila kushtuka na kuiunga kwenye mnyororo. Ni sawa na kumpa fundi wa reli behewa lisilo na kiungio cha nyuma: ataliunga vizuri kabisa, ila hakuna behewa jingine litakalofuata.

Mbinu yenyewe haikuwa ngeni. Jerome Horwitz alitengeneza AZT huko Marekani mwaka 1964 akitafuta dawa ya saratani. Kwa saratani haikufaa, ikawekwa kando, na mwaka 1987 ikawa dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa VVU. Lakini dawa za aina hiyo zina udhaifu. Haziwi dawa mpaka seli izipachike fosfati tatu, moja baada ya nyingine, na ile ya kwanza mara nyingi ndiyo ngumu kuliko zote. Holý aliipa molekuli kitu cha kufanana na fosfati tangu maabara, akakifunga kwa kaboni mahali ambapo vimeng'enya vya mwili haviwezi kukata. Hatua ngumu ikarukwa. Molekuli ya kwanza ya ukoo huo waliitangaza mwaka 1986 katika jarida la Nature.

Hapo ndipo nilipodhani kisa kimekwisha. Hakijaisha. Molekuli hizo zina chaji hasi kubwa mno, na utumbo hauzipitishi. Ukizidunga kwa sindano zinafanya kazi. Ukizimeza, nyingi zinapita zilivyo. Ilibidi wakemia wa kampuni ya Gilead, enzi za John C. Martin, waziongezee vikundi vya kemikali vya kuficha chaji ile, ambavyo hunyofolewa dawa ikishaingia mwilini. Tenofoviri ya kumeza ikaidhinishwa kwa VVU mwezi Oktoba 2001.

Toka 1976 mpaka 2001. Miaka 25.

## Dawa iliyokataliwa

Tenofoviri ina ndugu yake aitwaye adefoviri, na kisa cha huyu kimenigusa kuliko cha tenofoviri yenyewe.

Katika miaka ya 1990 adefoviri ndiyo iliyokuwa mbele katika majaribio ya VVU. Dozi zilizojaribiwa, miligramu 60 na 120 kwa siku, ziliharibu figo za baadhi ya wagonjwa. Mwaka 1999 jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani likakataa kuipendekeza, na kampuni ikaachana nayo kama dawa ya VVU.

Mwaka 2002 ikarudi. Miligramu 10 kwa siku, safari hii kwa homa ya ini B.

Virusi vya ini vilikuwa vikitikiswa na kiasi ambacho VVU visingekijali, na kiasi hicho figo nyingi ziliweza kukivumilia. Miaka michache baadaye tenofoviri ikaonekana kuwa na nguvu zaidi hata kwenye ini, ikaidhinishwa kwa homa ya ini B mwaka 2008, na adefoviri ikasogezwa pembeni kwa mara ya pili.

Sasa fikiria ungemhoji Holý kuhusu adefoviri. Mwaka 2000 ni dawa iliyofeli. Mwaka 2003 ni dawa iliyookoa watu. Mwaka 2010 ni dawa ya zamani. Na molekuli ni ile ile, haijabadilika hata atomu moja.

Hapa nilianza kuwa na wasiwasi na namna tunavyopenda kusimulia kazi za watafiti: alitafuta, akahangaika, akapata. Mtu huyu hakupata kitu kimoja siku moja. Alitengeneza ukoo mzima wa molekuli, na kila moja ikaenda kutafuta ugonjwa wake. Baadhi zilifika baada ya yeye kuishiwa na muda: Holý alifariki tarehe 16 Julai 2012, na siku hiyo hiyo mamlaka ya Marekani iliidhinisha tenofoviri ikiwa pamoja na dawa nyingine ya VVU, emtrisitabini, kuwa kinga ya kumeza kwa wasio na VVU. Sijui nifanye nini na tarehe hiyo. Mwandishi wa riwaya angeambiwa ameipika.

## Bata

Shangazi, hata hivyo, hakuniuliza habari za Prague. Aliuliza kwa nini ini lake linatibiwa kwa dawa ya VVU.

Jibu lake linapitia kwa bata.

Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kwenye maabara yake, walionyesha kwamba vipo virusi vinavyoandika kinyumenyume: vinachukua RNA, molekuli ndugu ya DNA inayobeba maelezo ya vinasaba, na kuigeuza kuwa DNA, wakati biolojia ilikuwa imezoea njia ya upande wa pili. VVU vilipotambuliwa vilikutwa ni vya kundi hilo. Virusi vya homa ya ini B havikudhaniwa kuwa na uhusiano nao wowote, kwa sababu vyenyewe tayari ni vya DNA. Kwa nini kirusi chenye DNA kihangaike kuizungukia RNA?

Mwaka 1982 Jesse Summers na William Mason wa Philadelphia, wakichunguza kirusi cha ini cha bata ambacho ni jamaa ya cha binadamu, walionyesha kwamba ndivyo hasa kinavyofanya. DNA inatoa RNA, RNA inarudishwa kuwa DNA. Njia ndefu, ya kushangaza, na njiani kuna kimeng'enya kinachofanana vya kutosha na kile cha VVU kiasi kwamba dawa ya huyu inaweza kumkwamisha yule.

Lamivudini ilitangulia kunufaika na mfanano huo: VVU mwaka 1995, homa ya ini B mwaka 1998. Lakini ikitumiwa peke yake kwa miaka, virusi vya ini huijengea usugu kwa wagonjwa wengi. Tenofoviri imekuwa ngumu zaidi kuzoeleka.

Hii ndiyo sehemu niliyompelekea shangazi, bila bata. Nilimwambia kirusi chake na kirusi cha jirani vina namna moja ya kujinakili, na dawa inapiga hapo. Nikamwambia pia kwa nini walimpima VVU kabla ya kumpa kichupa, jambo lililomtia shaka kuliko yote: dawa mbili zile zinatosha ini, ila hazitoshi VVU. Mwenye virusi vyote viwili akipewa mbili tu, VVU hujifunza kuzikwepa, na siku ya kuzihitaji hazitamsaidia. Ndiyo maana jirani anaongezewa ya tatu.

Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo tunameza kitu kimoja, ila yeye ana cha ziada."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi yeye ndiye anayemeza zangu."

Nilicheka, naye akacheka, na tangu hapo dawa anazimeza bila kuzificha. Lakini maneno yake yalinibana kidogo, maana kihistoria hawana haki nazo wote wawili. Molekuli za mwanzo za ukoo ule zilijaribiwa kwa virusi kama vya malengelenge. VVU vikaja kuwa maarufu, vikapewa umiliki.

## Hesabu za kwenye kichupa

Ningeishia hapo kama isingekuwa hofu ya yule binamu: ataziacha. Nilitaka kujua kama aibu ya kichupa imewahi kupimwa na wanasayansi au ni jambo letu la nyumbani tu.

Imepimwa, na matokeo yake ni ya kusikitisha.

Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwapa nyani tenofoviri kwa sindano, wengine saa 48 kabla ya kuingiziwa kirusi cha nyani kinachofanana na VVU, wengine saa chache baadaye. Wote waliopewa dawa walikingwa. Kutoka hapo likazaliwa wazo la kuwapa watu wasio na VVU dawa hiyo kama kinga. Utafiti wa Partners PrEP uliofanyika Kenya na Uganda, na wanandoa ambao mmoja wao ana VVU, ulionyesha kwamba tenofoviri ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na ikiunganishwa na emtrisitabini, kwa asilimia 75.

Kwa wakati ule ule kulikuwa na utafiti mwingine, FEM-PrEP, kwa wanawake wa Kenya, Afrika Kusini na Tanzania. Dawa ile ile. Waliopewa dawa, 33 waliambukizwa. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 35. Ulisimamishwa mwaka 2011.

Damu ilipopimwa, chini ya asilimia 40 ya waliopaswa kuwa wanameza walikutwa na dawa mwilini.

Sababu zilikuwa nyingi, na sitaki kuwasemea wanawake wale. Wengine hawakujiona wako hatarini, na sioni kosa katika hilo. Lakini katika utafiti mwingine wa kinga ya aina hiyo, wanawake wa Johannesburg walipohojiwa kwa kina, mojawapo ya waliyoyasema ni kwamba waliogopa kuonekana na vidonge ambavyo mtaa unavijua kuwa vya VVU. Wakemia walihangaika miaka mingi ili kidonge kivuke utumbo. Hakuna aliyekuwa amehesabu kwamba kitakwama kabla ya kufika mdomoni.

Najiuliza Holý angelipokeaje hilo. De Clercq alikuwa daktari, labda asingeshangaa sana.

## Asilimia 3

Kuna takwimu moja ya Shirika la Afya Duniani ambayo nimeirudia mara kadhaa nikidhani nimeisoma vibaya. Mwaka 2022 watu wapatao milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya muda mrefu. Waliokuwa wamepimwa na kujua ni asilimia 13. Waliokuwa kwenye dawa ni asilimia 3 hivi.

Linganisha na VVU mwaka huo huo: watu milioni 39, na karibu milioni 30 kati yao wako kwenye dawa.

Si wote wenye homa ya ini B wanaohitaji dawa leo. Wengine wanahitaji kufuatiliwa tu. Hata ukiwaondoa hao, pengo ni kubwa mno. Homa za ini zinazoletwa na virusi ziliua watu wapatao milioni 1.3 mwaka 2022, wengi wao kwa aina ya B. UKIMWI uliua watu wapatao 630,000. Na tenofoviri isiyo ya jina la kampuni ilikuwa ikipatikana kwenye soko la dunia mwaka 2024 kwa dola 2.40 za Marekani kwa mwezi.

Kidonge ni kile kile. Kiwanda kinaweza kuwa kile kile.

Nimejaribu maelezo kadhaa. Kwamba homa ya ini B inakaa kimya miaka 20 au 30 kabla ya kuleta ini kuwa gumu au saratani, kwa hiyo haipigi kelele. Kwamba chanjo ipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wenye mamlaka wakaona kazi imekwisha, wakawasahau waliozaliwa kabla ya kufikiwa na chanjo hiyo. Maelezo ninayoyaamini zaidi ni mengine: watu wenye VVU walidai. Waliandamana, walifungua kesi, waliingia kwenye vyumba vya mikutano bila kualikwa, wakalazimisha dunia ijenge kliniki, rejista, maabara na njia za kusafirisha vidonge. Wenye homa ya ini B hawajawahi kuwa na umati wa namna hiyo. Shangazi anatibiwa kwa vidonge ambavyo bei yake ilishushwa na watu aliokuwa akiogopa kufananishwa nao.

Nilimwambia hilo pia. Hakunijibu, akabadilisha mazungumzo.

## Duara ndani ya seli

Swali la mwisho alilouliza lilikuwa la kawaida kabisa: atazimeza mpaka lini?

Kwa homa ya ini C jibu lingekuwa wiki 8 au 12, na zaidi ya asilimia 95 wanapona. Kirusi hicho kilitambuliwa mwaka 1989, na Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi yao juu yake. Sofosbuviri, iliyoidhinishwa mwaka 2013, nayo hukwamisha unakili, nayo huruka ile hatua ngumu ya fosfati ya kwanza, japo kwa kemia tofauti na ya Prague. Mbinu ni jamaa kabisa. Kwa nini basi mmoja anapona na mwingine anameza maisha?

Ni kwa sababu ya mahali kirusi kinapoweka nakala yake. Cha homa ya ini C ni RNA tupu, na hakiachi kitu ndani ya kiini cha seli. Ukikizuia kunakili kwa wiki kadhaa, kinaisha. VVU hujishona ndani ya DNA ya mtu. Cha homa ya ini B huacha kwenye kiini cha seli za ini duara dogo la DNA, na duara hilo halihitaji kunakiliwa ili liendelee kuwepo. Tenofoviri hailigusi. Ndiyo maana anayezimeza kwa ajili ya ini haachi kwa uamuzi wake mwenyewe: virusi hurudi, na mara nyingine ini huvimba vibaya kuliko mwanzo.

Watafiti wawili wenye akili sawa, bidii sawa, na mbinu zinazokaribiana, mmoja akichagua C na mwingine B, watastaafu wakiwa na hadithi tofauti kabisa. Wa kwanza ataitwa aliyeponya. Wa pili ataitwa aliyedhibiti. Sioni kama wa pili alifanya kazi ndogo.

Wanaolifukuzia lile duara sasa hivi wana kipimo chao cha ushindi, nacho ni cha zamani. Katika miaka ya 1960 Baruch Blumberg alikuwa akitafuta tofauti za kurithi katika protini za damu za watu wa sehemu mbalimbali za dunia, bila kuwaza ini, akakuta kwenye damu ya Mwaborijini wa Australia protini asiyoijua. Ilikuja kugundulika kuwa ni ganda la virusi vya homa ya ini B, na mwaka 1976 akapewa Nobel. Leo mtafiti anayejaribu tiba mpya anauliza kama protini hiyo hiyo imetoweka kwenye damu, na kama bado haipo miezi 6 baada ya mgonjwa kuacha dawa zote. Kwa wengi wanaotumia tenofoviri peke yake, bado ipo.